Ukikodi gari kubwa la kuvuka mpaka, usianze na bei ya mwezi

Prado iligoma kuwaka Longido, saa mbili na nusu asubuhi. Mwenye safari alikuwa ameshuka kunywa chai ya maziwa na chapati, dereva akabaki anafuta kioo na kukagua magurudumu. Betri ilikuwa nzima, mafuta yalikuwa zaidi ya nusu tangi, taa za ndani zote zikiwaka. Dereva alibonyeza kitufe cha kuwashia mara nne, kimya. Ndipo simu ya mama ikalia, namba ya Nairobi, na kijana mmoja akauliza kwa adabu zote: "Madam, gari letu linafanya nini Tanzania?"

Mama huyo namfahamu kwa miaka mingi. Jina lake siliandiki, na la kampuni iliyomkodisha gari siliandiki pia, kwa sababu bado wana mkataba. Yeye hununua vitunguu Mang'ola na maharage katika masoko ya Arusha, huvusha Namanga na kuuza Nairobi. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kulipia mzigo wa Fuso nzima, na mkulima alikuwa amemwahidi kumshikia hadi adhuhuri. Namanga alivuka bila tabu. Pale tangu Desemba 2018 kuna kituo cha pamoja, unasimama mara moja badala ya mbili, na makaratasi yake yalimridhisha afisa: barua yenye nembo ya kampuni, nakala ya logbuku, Kadi ya Njano ya bima. Kumbe barua ile iliandikwa na kijana wa mauzo, kwa hisani tu. Idara inayofuatilia magari haikuambiwa lolote. Mtambo wao ukaonyesha gari limetoka Kenya, wakangoja lisimame, wakafunga injini wakiwa ofisini.

Lilifunguliwa saa kumi jioni, baada ya bosi mmoja kupatikana na kutia saini. Wakati huo vitunguu vilikuwa vimeshapakiwa na mnunuzi mwingine. Kodi ya mwezi ule aliilipa yote, kama kawaida.

Nilipomuuliza kosa lilikuwa wapi, hakumlaumu mtu. Alisema siku ya kusaini alibishana saa mbili nzima juu ya kodi ya mwezi, akaishusha kwa shilingi elfu chache, akaondoka akijiona mshindi. Ukurasa wa sita, wenye kifungu cha kutoka nje ya nchi, aliupitia kwa macho tu huku akitafuta mahali pa kutia saini.

Nimeandika habari hii kwa sababu ya wale wanaofikiria kufanya kama yeye, na ni wengi. Mfanyabiashara wa mpakani aliyekwisha kukua kidogo huanza kuhitaji gari la juu. Barabara za mashambani haziheshimu gari dogo, na mwenye duka kubwa unayetaka akuamini kwa mzigo wa mwezi hutazama umefika na nini. Mtu anaweza kuicheka tabia hiyo. Mimi nimeacha kuicheka baada ya kuona mara kadhaa nani anapewa mali kwa mkopo na nani anaambiwa alete fedha taslimu. Lakini kununua Prado ni kuchukua mtaji wa magunia mia kadhaa na kuuegesha uani. Kukodi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu kunakuachia mtaji uendelee kuzunguka. Hata serikali ya Kenya imekuwa ikikodi magari ya polisi tangu 2013 badala ya kuyanunua yote.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tanzania ukitaja gari au pikipiki "ya mkataba", wengi huelewa ile ya kupeleka hesabu kila siku mpaka chombo kiwe chako. Hiyo siyo tunayoizungumzia. Kuna karadha, ambayo Tanzania ina sheria yake tangu 2008: kampuni inanunua gari unalolitaka, unalitumia na kulilipia, na kwa kawaida mwisho wake ni wewe kulichukua. Na kuna kukodi kwa matumizi tu: unalipia kipande cha umri wa gari, kisha unarudisha ufunguo. Kwa ndugu zetu wanaoepuka riba, benki za Kiislamu zina ijara, ambamo benki ndiyo mwenye gari kweli na mzigo wa umiliki hubaki kwake. Kwa hiyo muulize waziwazi nani analipa bima na nani anabeba matengenezo makubwa, usikubali jina la ijara lililovikwa masharti ya mkopo. Kabla ya kusema lolote kuhusu bei, amua unataka nini kati ya haya. Anayetaka kurudisha gari na anayetaka kulibakiza hawabishanii jambo moja, kama tutakavyoona.

Kodi ya mwezi inatoka wapi

Kodi ya mwezi ni jibu la hesabu. Ukishikilia jibu bila kuona hesabu, mwenye kalamu anaweza kukupunguzia hapa na kukuongezea pale, nawe ukamshukuru. Hesabu yenyewe ina tarakimu nne: bei ya gari siku unapolichukua, thamani litakayobaki nayo siku unapolirudisha, idadi ya miezi, na riba.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa shilingi za Kenya. Gari lina bei ya milioni 9. Kampuni inasema baada ya miezi 36 litakuwa na thamani ya milioni 4.5. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Sehemu ya kwanza ya kodi ni uchakavu: milioni 4.5 zinazopotea, ukizigawa kwa miezi 36, ni Sh125,000 kwa mwezi. Sehemu ya pili ni riba. Hapa kuna njia ya mkato ambayo watu wa kukodisha magari huitumia nchi nyingi: chukua bei, jumlisha na ile thamani ya mwisho, kisha zidisha kwa riba iliyogawanywa kwa 2,400. Namba hiyo haina uchawi. Deni lako kwa wastani ni nusu ya jumla ile, mwaka una miezi 12, na asilimia ni sehemu ya mia. Mbili mara 12 mara 100 ni 2,400. Kwa hiyo 18 gawanya kwa 2,400 ni 0.0075, na milioni 13.5 mara 0.0075 ni Sh101,250. Jumla ni Sh226,250 kwa mwezi kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kampuni nyingine hutumia jedwali la mkopo, na jibu lao hutofautiana kidogo tu. Likitofautiana sana, kuna kitu kimeingizwa humo ambacho hujaambiwa.

Sasa ona kila tarakimu ina uzito gani. Ukishusha bei ya gari kwa laki tano, kodi inakuwa Sh208,611. Kwa miezi 36 umeokoa Sh635,000. Ukifaulu kupunguza riba kutoka 18 hadi 16 bila kugusa kingine, unaokoa Sh11,250 kwa mwezi, yaani Sh405,000. Ukiwashawishi wakubali kwamba gari litabaki na thamani ya milioni 5 badala ya 4.5, unaokoa Sh365,000. Shilingi elfu tano za kodi ya mwezi ambazo meneja alizipunguza huku akitikisa kichwa kama mtu anayetolewa jino, kwa miaka mitatu ni Sh180,000 tu.

Ndiyo maana mapatano yanaanza na bei ya gari. Watu wengi hudhani kwa kuwa hawalinunui, bei hiyo haiwahusu. Inawahusu kuliko chochote. Pita kwanza kwenye yadi za Ngong Road au za Mombasa, uliza bei ya gari la mwaka uleule, injini ileile, kilomita zilezile. Kampuni ya kukodisha hununua magari mengi kwa mpigo na hupata punguzo ambalo wewe hulipati. Si haki ikuandikie bei ya juu kuliko mtu aliyekwenda yadi peke yake. Sema hivyo, kwa upole, ukiwa na karatasi za yadi mkononi.

Thamani ya mwisho nayo ina siri yake, na hapa ndipo aina ya gari inapoingia. Land Cruiser na Prado zinajulikana Afrika Mashariki nzima kwa kuuzika tena. Fundi wake yupo Karatu, yupo Kisumu, yupo Mbarara. Range Rover ni gari zuri, sina ugomvi nalo, lakini bei yake hushuka haraka, na likikuharibikia porini fundi atakuja na simu ya kupiga picha. Tuseme nalo bei yake ni milioni 9, ila baada ya miezi 36 linahesabiwa kuwa na milioni 3.2 tu. Kodi inaruka hadi Sh252,611. Hiyo ni zaidi ya Sh26,000 kila mwezi kwa ajili ya nembo. Wapo ambao biashara yao inawarudishia fedha hizo. Muuza vitunguu hayumo.

Lakini angalia: kama unakusudia kulinunua gari mwishoni, thamani ya mwisho iliyopandishwa ndiyo bei utakayodaiwa. Ulichookoa kwa mwezi utakitoa siku ya mwisho kwa mkupuo. Anayerudisha gari ataomba thamani iwe juu. Anayelibakiza ataiomba iwe karibu na bei ya soko, na iandikwe leo, isiwe "bei itakayokubaliwa wakati huo". Maneno hayo manne yamewatoa watu machozi.

Njia moja ambayo wengi hawaiulizi ni kukodi gari ambalo mteja wa kwanza amelirudisha. Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo inayokula thamani kubwa ya gari. Prado ya miaka mitatu iliyotunzwa vizuri bado inapokelewa kwa heshima kwenye lango la mteja wako, na sehemu ya uchakavu katika kodi yako inapungua. Omba kitabu cha matengenezo na ulipeleke kwa fundi wako mwenyewe.

Kodi ya ongezeko la thamani isikushtukize. Kenya ni asilimia 16, Tanzania na Uganda ni 18. Katika mfano wetu wa kwanza, asilimia 16 ni Sh36,200 juu ya kodi ya kila mwezi. Kenya, sheria kwa kawaida hairuhusu mfanyabiashara kujirudishia kodi hiyo kwa gari la abiria, isipokuwa kama biashara yake ni kuuza au kukodisha magari hayo. Kwa hiyo ni gharama kamili, iingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kilomita za mtu wa mpakani

Karibu kila mkataba huweka kikomo cha kilomita, na vikomo hivyo hutungwa vikimfikiria mtu wa mjini: nyumbani, ofisini, kanisani au msikitini, mara moja kwa mwaka kijijini. Wewe siye huyo. Nairobi hadi Arusha ni kama kilomita 270. Kwenda na kurudi mara moja kwa wiki ni 540, na kwa wiki 52 ni 28,080, kabla hujampeleka mtoto shule. Ukisaini kikomo cha kilomita 20,000 kwa mwaka na faini ya, tuseme, Sh25 kwa kila kilomita ya ziada, safari hizo pekee zinakudai Sh202,000 kwa mwaka. Faini hiyo haitajwi kila mwezi. Inakungoja siku ya kurudisha gari, imekaa pamoja na orodha ya mikwaruzo.

Basi piga hesabu ya safari zako za mwaka uliopita, kwa risiti za mafuta kama unazo, na uende na namba yako. Kilomita zinazonunuliwa mwanzoni huwa rahisi kuliko zinazotozwa mwishoni. Omba pia zihesabiwe kwa jumla ya mkataba, isiwe mwaka kwa mwaka, maana sote tunajua kuna mwaka wa mavuno na mwaka wa kukaa nyumbani.

Kuhusu mikwaruzo, taka neno "uchakavu wa kawaida" lielezwe. Gari linalokwenda Mang'ola litarudi na rangi iliyoguswa na miiba. Piga picha kila upande siku unapolipokea, pamoja na chini, pamoja na kipimo cha kilomita, na picha hizo zitumwe kwao siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe.

Jambo la fedha gani inatumika limewaumiza wengi kimyakimya. Baadhi ya mikataba ya magari ya kifahari huandikwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mkataba wa dola 2,000 kwa mwezi ulikuwa Sh320,000, kisha ukawa Sh260,000. Aliyesaini kabla ya kushuka alibahatika. Ingeweza kwenda upande mwingine, na kitunguu hakiuzwi kwa dola. Tanzania mwaka 2025 ilitoa kanuni za kukataza bei na malipo ya fedha za kigeni kwa huduma za ndani, hivyo huko hoja yako ina nguvu ya sheria. Kenya itakubidi uijenge mwenyewe: mapato yangu ni shilingi, kodi iwe shilingi. Na kama riba inaweza kubadilika, ulizia inafuata nini na kikomo chake ni kipi.

Kifungu cha mpaka

Turudi Longido. Gari lililokodiwa si lako, na afisa wa forodha analiona hilo kwenye logbuku kabla hujamaliza salamu. Ruhusa ya kulitoa nje ya nchi lazima itoke kwa mwenye gari, na lazima iwe ndani ya mkataba. Barua ya hisani haitoshi. Taja nchi moja moja kwa majina: Tanzania, Uganda, Rwanda, na kama biashara yako inafika Goma au Bukavu, taja Kongo pia, na usishangae wakisita. "Nchi za Afrika Mashariki" ni maneno matamu ya mkutano, lakini jumuiya sasa ina wanachama wanane, na mwenye gari atakuja kudai hakumaanisha wote.

Dai iandikwe kwamba kampuni itatoa barua ya idhini ya mwaka mzima, yenye muhuri, ikitaja namba ya gari, majina ya madereva na nchi. Kwamba itakupa nakala ya logbuku iliyothibitishwa. Na kwamba kifaa cha kufuatilia gari hakitatumika kufunga injini nje ya nchi ila kwa wizi au kodi iliyochelewa siku kadhaa, tena baada ya kukupigia. Uliza ni nani hasa anayeshika swichi hiyo na kama namba yake hupokelewa usiku. Ukijibiwa kwamba ni "mfumo", endelea kuuliza hadi utajwe mtu.

Bima ni mtego mwingine. Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa katika nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo ingawa yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini kadi hiyo hulipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine, na matibabu ya waliomo garini mwako. Hailipii gari lenyewe. Ukibingirika na Prado ya kampuni upande wa pili, bima kubwa iliyoishia mpakani haitakusaidia, na mwenye gari atakudai wewe. Omba bima kubwa iongezwe ifike kila nchi iliyotajwa kwenye mkataba, na usome ni nani analipia ongezeko hilo. Uliza pia: gari likiibwa au likiharibika kabisa, na bima ikilipa pungufu ya deni lililobaki kwenye mkataba, nani anafidia? Kwa sababu hiyohiyo mimi siwashauri watu kutoa malipo makubwa ya mwanzo ili kupunguza kodi ya mwezi. Gari likipotea mwezi wa pili, bima humlipa mwenye gari, na fedha zako za mwanzo unaweza usizione tena.

Na jambo hili watu wa Arusha na Moshi wanalijua ila hulisahau wanapoona kodi ya Nairobi ni nafuu: kibali cha kuingiza gari kwa muda ni cha mgeni anayepita, na kina tarehe ya mwisho. Mkazi wa Tanzania asikodi gari la namba za Kenya akalilaza kwake. Siku moja litakamatwa kama gari ambalo halikulipiwa ushuru, na kampuni itasema mkataba haukuruhusu. Kodi gari katika nchi unayoishi, kisha uvuke nalo.

Namna ya kukaa mezani

Sisi watu wa mpakani tunajua kupatana. Tunapatana bei ya gunia gizani saa kumi alfajiri na hatukosei. Ajabu ni kwamba tukiingia ofisi yenye zulia na kiyoyozi tunakuwa wapole kama wageni wa harusi. Yule meneja aliyekaa mbele yako ana magari yasiyotembea, na kila siku gari likikaa yadini linampotezea fedha. Mwisho wa mwezi na mwisho wa robo mwaka ana malengo ya kufikisha. Nenda wakati huo.

Chukua makadirio ya maandishi kutoka kampuni tatu, kwa gari lilelile, miezi ileile, kilomita zilezile, na kila moja ionyeshe zile tarakimu nne. Atakayekataa kuonyesha bei ya gari na riba, akasema "sisi tunatoa kodi ya mwezi tu", mshukuru kwa maji ya kunywa uondoke. Ukiwa na tatu, anza na bei ya gari, maliza; nenda kwenye riba, maliza; kisha thamani ya mwisho. Usiruhusu azichanganye. Meneja mzoefu ukimbana kwenye bei atakurukia na matairi ya bure. Matairi ni mazuri, yaandikwe pembeni, mrudi kwenye bei.

Riba inashushwa kwa karatasi. Peleka taarifa za benki na za fedha za simu za miezi 12, cheti cha kodi, na hati za forodha za mizigo uliyovusha. Hapa wengi wetu tunajiangusha, kwa kuwa tumezoea kupitisha kidogokidogo bila hati. Mzigo usio na karatasi hauonekani mezani kwa meneja, na mtu asiyeonekana hupewa riba ya mtu hatari.

Kuna vitu viwili vya kukataa kabisa. Cha kwanza ni hati ya nyumba au shamba kuwekwa dhamana juu ya gari ambalo tayari ni mali yao. Amana ya miezi miwili au mitatu inatosha. Cha pili ni kifungu kinachosema ukivunja mkataba mapema unalipa kodi ya miezi yote iliyobaki. Biashara yetu inaweza kusimama kwa tangazo moja la redio. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, na waliokuwa njiani walijua habari wakiwa foleni. Taka kiwango kinachojulikana, tuseme kodi ya miezi mitatu, au haki ya kumhamishia mtu mwingine mkataba wako. Wakikataa, hiyo ndiyo bei halisi ya gari lile, ipime upya.

Nilimkuta yule mama tena Namanga si muda mrefu uliopita, kwenye foleni ya kibali. Prado ni ileile. Mkataba ulipokwisha hakulirudisha, aliongeza miezi 24 kwa gari lililokwisha kuchakaa kwa fedha zake mwenyewe, akapata kodi ya chini sana. Kilomita sasa ni 40,000 kwa mwaka. Safari hii alikwenda na mtoto wa dada yake, mwanasheria mchanga, wakakaa na kurasa zote wakisoma kwa sauti, na meneja akawaletea chai mara mbili. Kifungu cha 14 kimeandikwa upya, Tanzania na Uganda zimetajwa.

Dereva alifungua droo ya mbele na kunionyesha bahasha ya plastiki: barua ya mwaka mzima, nakala ya logbuku, Kadi ya Njano, na kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya mtu wa zamu wa usiku. Nilimuuliza mama kama amewahi kuipiga.

"Niliipiga siku ileile niliyopewa," alisema, "saa nane usiku. Alipokea."